Rejeta ya Lori Kwenye Gari la Mbio

Siku ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu, na ni wewe uliyeniamshia habari hizi. Umenijia na picha ya rejeta ya aluminiamu, pana kama mlango wa stoo, unaniuliza kama itafaa gari lako la mbio, hilo unaloendea kazini Ngara mjini kila siku ya Mungu. Nikakuuliza, feni itakaa wapi? Ukacheka. Ukasema, "Baba, hii kubwa, haihitaji feni." Jamani! Nilitaka kulia. Maneno hayo hayo yaliwahi kutoka kinywani mwangu mimi, mwaka wa vita ya Kagera, yakanikosesha mke.

Kaa usikie. Shule mimi niliishia darasa la nne, lakini nionyeshe mwenye shahada anayeweza kuitambua injini kwa kuisikiliza tu akiwa amefumba macho. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, wenzangu walipimiwa mashamba; mimi nikakimbilia gereji Biharamulo, nikaanza kwa kuosha bolti kwa dizeli. Mtaalamu mmoja wa kigeni alipoondoka aliacha gari dogo la milango miwili, la mbio hasa, injini imekufa. Nikalichukua kwa ng'ombe wawili alioniachia marehemu baba, nikalifufua kwa mikono hii. Hapakuwa na kijana mwingine wa rika langu mwenye gari. Nililiendesha kila siku, sokoni, kanisani, hata kisimani, mahali ambapo mtu angenyoosha mguu tu akafika.

Sasa jiwe likaruka, likatoboa rejeta. Wakati ule spea hakuna. Hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, sembuse rejeta! Nikaenda kwa Mzee Salumu, fundi wa kuchomelea shaba, mtu mpole mwenye kikohozi. Akatafuta wiki nzima, akanitolea rejeta mbili nichague. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya shaba, imebonyea pembeni, ina viraka vitatu vya risasi alivyochomelea mwenyewe; ilitoka kwenye gari la aina ile ile. Ya pili ilikuwa ya lori, mpya, imepakwa rangi nyeusi inayong'aa, imevushwa mpakani na mtu asiyejulikana.

Nadhani unajua niliyoinyooshea kidole.

"Kijana," akaniambia Mzee Salumu, "hiyo nene mno. Gari likienda polepole upepo hautapenya. Na ukiifunga hapo, feni utaiweka wapi?"

"Mzee wangu, kwa ukubwa huu feni ya nini?"

"Nguo ya kuazima haisitiri matako."

"Na hiyo ya viraka nimpelekee mkwe? Anicheke?"

Akanitazama, akakohoa, akasema, "Mkwe anafungua boneti?" Akarudi kwenye moto wake.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nikakata bati la mbele kwa msumeno, nikaing'oa feni, nikaitupa nyuma ya gereji, nikaibana rejeta ya lori kwa waya. Ilitokeza mbele kama meno ya ngiri. Nikazunguka nayo Biharamulo kwenye tambarare, kwa kasi, vidole viwili kwenye usukani, na injini ikawa baridi kama mtungi. Nikapita makusudi mbele ya Mzee Salumu nikipiga honi. Hakuinua kichwa.

Huyo mkwe alikuwa Mzee Gervasi wa Kanazi, baba yake Velonika. Velonika, mwanangu, alikuwa na sauti ya kuimba ambayo ilimfanya padri mwenyewe asahau ukurasa. Alikwisha kunikubali. Lililobaki lilikuwa pombe ya ndizi ya kuombea, urwagwa, na kwao pombe hiyo ina sharti moja: chungu kiingie uani kimejaa na kimefungwa mdomo kwa jani la mgomba, na afungue baba wa binti peke yake. Kikifunguliwa njiani, ni sawa na kumwambia mzee kwamba mmekwisha kunywa heshima yake. Kulikuwa na mchumba mwingine anayenyemelea, mwalimu mwenye baiskeli, kwa hiyo Mzee Gervasi alikwisha kutuambia tufike siku ile kabla ya jua la mchana, tusipofika atamsikiliza yule mwingine.

Tukatoka alfajiri, mimi na baba mdogo Leopoldi, mdogo wake marehemu baba, ndiye msemaji wetu. Alikaa amekumbatia chungu mapajani kama mtoto mchanga. Tambarare tulikwenda kama risasi. Tulipoanza kupanda kuelekea Kanazi, tukakutana na ng'ombe. Ng'ombe wangapi, sijui! Ni wale waliotolewa na vijiji kwa ajili ya askari wetu kule mbele, wanaswagwa kuteremka, barabara imejaa pembe kwa pembe. Huwezi kupiga honi kwenye ng'ombe wa vita. Nikajikokota gia ya kwanza, nasimama, nasogea. Kuzima injini nikaogopa, maana betri ilikuwa dhaifu na mlimani hakuna wa kusukuma.

Upepo hakuna, feni hakuna. Mshale wa joto ukapanda, ukalala kwenye wekundu. Mvuke ukatoka kwa mlio kama wa nyoka.

"Gari lako linapika nini?" akauliza baba mdogo.

Nikaruka nje nikafungua kifuniko. Kovu hili mkononi ndilo la siku ile, si la vita kama ninavyowaambia watu. Maji yote yakaenda angani. Kijito kilikuwa bondeni kabisa, saa nzima kushuka na kupanda, na jua linapanda. Nikatazama chungu.

"Usithubutu," akasema baba mdogo.

"Baba mdogo, tumimine kidogo tu. Tutafunga tena."

"Wewe mtoto una wazimu! Unakinywesha chuma posa?"

Alikishika, nikakivuta. Ningekwenda bondeni kwa mguu, au ningebeba chungu kichwani tukatembea, tungechelewa lakini tungefika na heshima. Lakini niliona aibu kufika kwa miguu, mimi mwenye gari! Nikalichana jani, nikamimina. Pombe ikachemka, ikafoka povu, sukari yake ikaungua kwenye vile vimirija, ikanuka kama ndizi zilizosahauliwa jikoni. Tukaenda kama hatua mia mbili, injini ikapiga kishindo kimoja, ikanyamaza. Silinda hedi, kile kichwa cha injini, ilikuwa imepinda kwa joto.

Tukafika Kanazi alasiri, kwa miguu, na chungu nusu. Nikapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani amefungua chungu changu?"

Baba mdogo akainamisha kichwa. Nikajibu mimi, "Gari, baba. Lilikuwa na kiu."

Wanawake wakacheka mpaka wakaegemea ukuta. Mzee Gervasi hakucheka. "Basi nenda ukalioe hilo gari," akasema, akaingia ndani. Velonika alikuwa amesimama mlangoni na kikapu. Alinitazama mkono ulioungua, akaufunga mlango taratibu. Baada ya mavuno aliolewa na mwalimu.

Nikapata mke mwingine, mama yako, na sijutii. Lakini nisikudanganye, majuto yale yalikaa nami miaka.

Haya, nasaha yenyewe ni hii, na nimechoka kuirudia kwenu vijana. Rejeta ya gari la kila siku ichague kwa ajili ya mlima na foleni ya sokoni, pale gari linapotambaa. Ikae kwenye mashimo yake bila kukata bati. Feni ibaki, na ile ngao inayoizunguka ibaki. Midomo ya mipira ya maji ilingane, kifuniko kiwe cha nguvu ile ile ya kiwandani. Uliza pia kama ikipasuka yuko fundi wa karibu anayeweza kuichomelea; inayotengenezeka Ngara ni bora kuliko inayosifiwa Ulaya. Ikizidi unene kidogo sawa, ikizidi nafasi yake ikatae, hata ukipewa bure. Na akikwambia mtu anayeijua kazi, jishushe umsikilize siku hiyo hiyo. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Mungu akutangulie kwenye kupanda na kwenye kushuka, mwanangu, akujalie subira nyuma ya ng'ombe wa watu, na kila unakongojwa ufike ukiwa bado unangojwa.