Nduru ya Kamera

Kazi yangu ni kupiga picha watu wakilia. Kwenye kadi imeandikwa mpiga picha wa habari, lakini mhariri wetu hapa Kisumu haniulizi habari. Huniuliza, "Machozi umeleta?" Chozi moja zuri huvuta watazamaji, na watazamaji huvuta matangazo. Ukirudi bila chozi, mkono mtupu haulambwi. Kazi hii nimeifanya miaka mingi, na nimeichoka.

Mafuriko yalipoingia tena vijijini karibu na Ahero, nilimkuta mama mmoja amesimama uani, maji yamemfika magotini. Mpunga wake ulikuwa umeoza, kuku wamekwenda na maji. Ndani, juu ya kitanda kilichoinuliwa kwa matofali, mumewe alikuwa hoi kwa ugonjwa. Mama alinieleza haya yote kwa sauti kavu, kama anayemtajia mwenye duka vitu vya kununua. Sikupata chozi hata moja.

"Mama, piga nduru kidogo tu," nikamwambia. "Watu wakiona unalia, msaada itakuja haraka."

Akanitazama. "Nduru ni ya kifo, baba. Hapa hakuna mtu amekufa."

Nilijua. Nimezaliwa huku huku. Nduru ikisikika bomani, jirani huacha chakula na kukimbia, hata kama juzi mligombana. Lakini simu ya mhariri ilikuwa imelia mara tatu. Nikambembeleza. Naye alihitaji msaada, mumewe alihitaji dawa. Akashika kichwa, akafumba macho, akapiga.

Majirani walikuja wakipasua maji. Mzee mmoja alianguka, akainuka ametapakaa matope, akauliza, "Ni nani?" Akaiona kamera.

"Kumbe ni sinema," akasema, akageuka na wenzake wakarudi makwao.

Mhariri alifurahi kupita kiasi. Video ilitazamwa hadi ng'ambo, na msaada ukafika kweli: magodoro mawili, unga na dawa kidogo. Nikajiambia, si nimemsaidia? Aibu haikuniondoka.

Wiki tatu baadaye nilirudi kupiga picha maji yakipungua. Kando ya nyumba kulikuwa na kaburi jipya. Nikampa pole yule mama. Alikuwa akianika nguo, wala hakuacha.

"Alienda asubuhi moja," akasema. "Nilipiga nduru mpaka sauti ikaisha. Hakuna mtu alikuja. Walidhani umerudi."