Mama Mkwe na Bei ya Nikeli

Mgodini walimwita Mama Tipa, na jina likamkaa. Alikuwa mwembamba kama ufito, lakini aliendesha lori la kubebea mawe ya nikeli, dude ambalo gurudumu lake moja lilimzidi mtu mzima kimo. Alilipanda kwa ngazi, akafunga mkanda, akateremka nalo shimoni kama mtu anayekwenda sokoni.

Mumewe, fundi cherehani, alimwonea fahari. Asiyetaka hata kusikia habari hizo alikuwa mama mkwe, aliyeishi nao. "Mke wa mwanangu kuparamia magari!" alilalama, huku akipepeta mchele kwa hasira hadi punje zikaruka nje ya ungo. "Laiti ningekuwa na sauti katika nyumba hii!" Na sauti alikuwa nayo, majirani ni mashahidi.

Kisha bei ya nikeli ikaporomoka. Huko mbali migodi na viwanda vipya vilikuwa vimemwaga mzigo sokoni hadi dunia ikashiba. Msimamizi wa mgodi aliwakusanya wafanyakazi karakanani, akawaambia kweupe kwamba kila tani wanayoitoa inauzwa chini ya gharama ya kuichimba. Mgodi haufungwi, alisema, unalala tu. Wengi wakarudi makwao. Mama Tipa akabakizwa na wachache wa kutunza mitambo, maana injini isiyowashwa hufa. Mara moja kwa wiki alikwenda kuyaamsha malori na kuyazungusha katika shimo tupu.

Siku nyingine zote alishinda nyumbani, akisugua vyombo vilivyokwisha takata. Mama mkwe, aliyekuwa amepata alichokitaka, akaanza kuona nyumba imekuwa nzito.

"Hebu niambie," alimwuliza asubuhi moja, "hilo gari lina nini cha kumliza mtu mzima?"

"Silii, mama."

"Unalilia sufuria. Utaitoboa."

Mama Tipa akacheka bila kupenda. "Hata sufuria hii ya stili ina nikeli, mama. Ndiyo inayosaidia isishike kutu."

"Hii hii?" Mama mkwe akaipokonya, akaigeuza chini juu. "Basi nipeleke nikalione hilo dude."

Msimamizi hakuwa na pingamizi. Mama mkwe akavikwa kofia ngumu juu ya kilemba na buti zilizompwaya. Chini ya ngazi akasita. "Nikianguka, nitamwambia mwanangu wewe ndiye uliyenisukuma."

Walipoanza kuteremka, alikuwa amefumba macho, kiti amekikumbatia. Alipoyafumbua aliona kuta za shimo zimekatwa ngazi kwa ngazi, nyekundu, na malori mengine huko juu madogo kama vibiriti. Akaachia kiti, akachungulia dirishani.

"Na unaweza kulirudisha nyuma?"

"Naweza."

"Nione."

Mama Tipa akalirudisha taratibu hadi ukingoni mwa tuta, pale pale linapotakiwa.

"Ala!" Mama mkwe akapiga makofi. "Honi iko wapi?" Aliibonyeza hadi msimamizi akatoka ofisini mbio, akidhani kuna ajali.

Tangu hapo redio ikawa mali yake. "Nyamazeni! Bei za madini!" Nikeli ikishuka, aliwaka: "Si wapumzike kidogo huko? Wanachimba kama mchwa!" Ikipanda hata kidogo, alipiga kigelegele, mwanawe akajidunga sindano. Aliposikia kwamba betri nyingi za magari ya umeme hutaka nikeli, akaanza kumwuliza kila mwenye uwezo atanunua lini gari la umeme. Hata daktari wa meno alihojiwa kabla hajamng'oa jino.

Hatimaye migodi kadhaa ya mbali ikapunguza uzalishaji, viwanda vinavyoinunua nikeli vikaanza kugombania mzigo, na bei ikajikongoja kupanda. Msimamizi alipopiga simu, mama mkwe ndiye aliyeipokea.

"Anakuja," alijibu kabla ya kuulizwa. "Tena sasa hivi!"

Mama Tipa alikuwa uani akianika nguo. Aliketi pale pale chini, shuka bichi mapajani, akacheka hadi machozi yakamtoka. Mama mkwe akamfulia ovaroli kwa mkono wake, fundi akashona mfuko uliochanika.

Siku ya mgodi kuamka, malori yote yaliwaka bila kusumbua. Msimamizi alipita akiyapigapiga ubavuni kama ndugu waliorudi safari. Mama Tipa akajaziwa mzigo wa kwanza, akapandisha taratibu kuelekea kwenye mashine ya kusagia mawe, vumbi jekundu likimfuata.