Mtungi wa Kwao Baba

Kwetu Mahajanga nyumba ilikuwa ya mama. Ndivyo tulivyo sisi wenye asili ya Ngazija: nyumba hujengewa binti, mume huja na sanduku la nguo na adabu zake. Baba alikuja na vyote viwili. Hakupata kufungua kabati hata siku moja, maana mwanamume anayepekua kabati la mkewe hana tofauti na karani wa kodi wa Mfaransa. Alikaa, akauliza, akaletewa.

Kwa hiyo alipoanza kuuliza kikombe ambacho kiko mbele yake, nani angeshangaa? Aliuliza tasbihi iliyo mkekani. Aliuliza makubadhi, nayo kayavaa. Mama alimjibu kutoka jikoni, kwa Kingazija chetu kilichokwisha changanyika na Kimalagasi: "Watu husema macho hayana pazia. Ya mume wangu yana pazia, na kamba ya kulifungia."

Majirani walicheka, naye baba akacheka. Kicheko kilimfaa. Macho yalikuwa yanamwisha, na alikuwa mshonaji wa kanzu. Mshonaji asiyeona atapelekewa kitambaa na nani? Mimi ndiye niliyemtungia uzi kwenye sindano, akidai vidole vyangu ni vyembamba, na mimi nikajiona bora kuliko dada zangu.

Ikaja harusi kisiwani Nosy Be, nyumbani kwa shangazi pale Andoany, katika nyumba ya mama yao alimozaliwa baba. Melini kutwa alijigamba kwamba kule hamhitaji mtu, kule anatembea amefumba macho. Mama akasema inshallah tutaona.

Na kweli tuliona. Aliingia, akatundika kofia kwenye msumari wake bila kupapasa. Akatungua kata ukutani, akaenda moja kwa moja pembeni, kwenye mtungi wa maji wa tangu utotoni mwake, akainama, akachota.

Mtungi haukuwapo. Shangazi alikuwa ameuhamishia mlangoni upate upepo, sote tulipoingia tumeupita. Baba akanyanyua kata tupu hadi mdomoni.

Mama alikwisha anza kucheka, kwa mazoea. Kicheko kikamfia. Shangazi alipofumbua mdomo, mama akamfinya mkono. Kisha akaichukua kata, akaijaza mlangoni, akampa baba kwa mikono miwili.

"Mtungi uko wapi?" baba akauliza.

"Uko palepale," mama akasema. "Umekauka tu. Nimekuchotea kwa jirani."

Sijapata kumwona mama akisema uongo na uso mkavu vile. Nililia uani, nikasema ni moshi.

Baba alipolala baada ya adhuhuri, mama na shangazi waliubeba ule mtungi na maji yake, wakihema, wakaurudisha pembeni. Alipoamka akaujia mwenyewe, akachota, akanywa, akashusha pumzi. Akamwambia mama ajifunze kwa wifi yake jinsi ya kutunza nyumba, kila kitu mahali pake.

Mama akasema atajifunza.