Alama Zilizopinda

Kwa miaka ishirini na sita Jicho alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Jina hilo alibandikwa na wapiga chapa, maana hakuna mkato uliowahi kumponyoka. Adui yake mkubwa alikuwa alama za kunukuu zilizosimama wima kama misumari. Kila alipozikuta alizizungushia wino mwekundu na kudai zilizopinda, zenye vikia.

Kiwanda kilipofungwa, chuo cha ufundi kilimwajiri kusahihisha tahajia kwenye tovuti yake. Mafundi wa kompyuta walimpa meza ya kona, karibu na printa mbovu, wakamchukulia kama shangazi aliyekuja kutembea: shikamoo nyingi, kazi chache.

Siku ya mwisho ya kuomba nafasi za masomo chuoni, simu zilianza kulia asubuhi na mapema. Watu walikuwa wakibonyeza neno JISAJILI na kuangukia ukurasa mtupu. Fundi mkuu alizima seva na kuiwasha mara nne, shati limemganda mgongoni.

"Ukurasa hauna kosa," alisema. "Unaonekana vizuri kabisa."

"Hebu nionyeshe ulivyoandikwa kwa ndani, mwanangu," Jicho alisema.

"Mama, huko si maneno. Ni msimbo, maagizo ya kompyuta."

"Nimesahihisha kamusi ya Kilatini, na Kilatini sijui hata salamu. Sogea."

Alivaa miwani, akaweka rula kwenye kioo cha kompyuta, akashuka mstari kwa mstari. Kwenye wa kumi na nne akasimama.

"Alama za kunukuu hapa zimepinda. Kwingine kote zimenyooka. Mstari huu umetoka wapi?"

Fundi akakumbuka. Mstari huo, wenye anwani ya neno JISAJILI, aliuandika kwenye programu ya kuandikia barua, ili mkuu wa chuo aupitishe, kisha akaunakili. Programu hiyo hupinda alama bila kuambiwa.

"Kivinjari kinachofungua kurasa kinatambua zilizonyooka tu," alisema polepole. "Hizi kimezihesabu kuwa herufi, kikazibandika kwenye anwani. Ndiyo maana kinawapeleka watu mahali pasipokuwepo! Kikikuta kosa hakilalamiki, kinakisia tu na kusonga mbele."

Jicho alicheka hadi machozi yakamtoka. "Na mimi maisha yangu yote nimezifukuza zilizonyooka!"

Akazibadilisha kwa mkono wake. Fundi akabonyeza. Fomu ikafunguka, na chumba kizima kikalipuka kwa vifijo. Dada mmoja mchomeleaji, aliyepiga simu mara tatu tangu asubuhi, alipiga ya nne kushukuru. Hadi usajili unafungwa saa kumi na mbili jioni, waombaji walikuwa mia sita na watatu.

Fundi mkuu alisukuma kiti chake chenye magurudumu hadi kwenye kona. "Kalia hiki, mama. Kuanzia leo hakuna ukurasa utakaotoka kabla hujausoma, nje na ndani. Msimbo nitakufundisha mwenyewe."

"Nifundishe," Jicho alisema akikaa. "Lakini kwanza karekebishe tangazo lako la usajili. Umeandika 'mahombi'."

Alipofika nyumbani, hata viatu hajavua, alimwambia mumewe pale mlangoni: "Leo ndiyo nimeajiriwa."