Jina la Pili la Video ya Mazishi

Shemeji alikuwa amefuta folda ya asili kwenye diski zote mbili, ya ndani na ya nje, kabla sijafika dukani. Aliniambia mwenyewe kwa furaha, huku akipangusa lenzi ya kamera.

"Nimepunguza takataka. Vitu vilikuwa viwili viwili: kwenye asili vipo, kwenye folda za wateja vipo. Sasa diski ya ndani inapumua, na kesho tuna harusi Geita."

Niliwasha kompyuta.

Duka letu liko Kahama, karibu na stendi. Shemeji, mume wa dada yangu, hupiga video za harusi na misiba. Mimi huzikata, huzipanga na kuwawekea wateja kwenye flashi. Huku kwetu msiba mmoja huwa na koo mbili au tatu, na kila ukoo unataka folda yake, haukubali kuchanganywa na wengine. Diski zetu ni ndogo. Kwa hiyo fundi aliyetuuzia kompyuta alinifundisha kuandika amri ya ln. Video inakaa mara moja tu kwenye asili, na folda za wateja zinapewa viungo.

Alinielewesha taratibu, maana niliishia darasa la saba na sipendi kuuliza mara mbili. Ukiandika ln peke yake, faili linapata jina la pili, kama mtoto wa Ushirombo mwenye jina la ubatizo na jina la nyumbani. Futa moja, mtoto bado yupo, unamwita kwa lile lingine. Ukiandika ln -s, umesimika kibao tu cha njia. Kinasema machimbo yako kule. Machimbo yakifukiwa, kibao kinaendelea kuelekeza watu kwenye udongo mtupu. Jina la pili ndilo salama, ila halivuki kutoka diski moja kwenda nyingine. Kibao kinavuka.

Kwa macho ya shemeji, vyote vilikuwa video.

Nilikuwa bado natafuta la kumwambia, mchimbaji mmoja akaingia, vumbi la mawe kwenye nyusi. Tulijua habari yake. Mama yake alifia Bukombe yeye akiwa duarani Geita, chini kabisa ya shimo la dhahabu, ambako simu haishiki. Alipopanda juu, mama alikuwa ameshazikwa. Shemeji ndiye aliyepiga video ya mazishi.

"Shikamoo, kaka," nikamwamkia.

"Marahaba, mdogo wangu. Nimekuja kumwona mayu." Alimwita mama yake kwa Kisukuma, taratibu. "Ndugu zangu wanasema walinitupia udongo kaburini, kwa niaba yangu. Shangazi anasema hapana, nilirukwa. Jioni nakaa nao. Nataka kwanza nione."

Shemeji akanivutia kiti. "Kaa, mfungulie kaka." Akamgeukia mteja. "Huyu anaandika kama kuku anayedonoa mtama, lakini anafika."

"Adonoe tu. Mimi nimezoea kugonga mwamba."

Sikufungua folda kwa kubofya. Nilifungua dirisha jeusi, nikaandika ls -l, amri ya kuorodhesha, na jina la folda ya ukoo wao. Mistari miwili ikatokea. Wa kwanza, sehemu ya nyumbani, ulikuwa faili kamili: lilikuwa na majina mawili, limebaki moja. Wa pili, sehemu ya kaburini, ulikuwa mwekundu, dalili ya kiungo kilichokatika, na mshale ukielekea diski ya nje. Nilikumbuka siku ile diski ya ndani ilipojaa. Sehemu ya pili niliiweka kwenye asili ya diski ya nje, kwa hiyo nilisimika kibao.

Nikafungua ya kwanza. Kwaya iliimba, watu wakapita kuaga. Mchimbaji akavua kofia.

"Wamemvisha kile kitenge nilichomnunulia," alisema.

Aliinamia kioo mpaka jeneza liliponyanyuliwa na picha ikakatika.

"Endelea."

Nilimtazama shemeji. "Gonga hiyo ya pili, si naiona hapo?" akasema.

"Unachoona ni kibao, shemeji. Video ilikuwa diski ya nje."

Mkono wake ukasimama juu ya kamera. Nikaona anaelewa, kidogo kidogo.

"Ile ya nje," akasema kwa sauti ya chini, "nimeshaijaza picha za kipaimara asubuhi hii. Mpaka juu."

Mchimbaji alitutazama mmoja mmoja. Nilijua shemeji hataweza kusema, na mtu yule hawezi kuachwa akitazama kioo.

"Kaburini hakuna tena, kaka," nikasema. "Imefutwa, na juu yake pameandikwa vitu vingine. Tulichobaki nacho ni nyumbani tu."

"Kwa hiyo hakuna wa kunionyesha."

"Hapa hakuna. Utusamehe."

Shemeji akaanza kuomba radhi, akakwama. Mchimbaji akairudisha kofia kichwani.

"Basi nitawaambia nimeona," akasema. "Nikifika nasema asanteni, nimeona. Aliyenitupia ataitikia. Kama hakuna, nitawaona wanavyotazamana."

"Na ukiwaona wanatazamana?" shemeji akauliza.

"Nitanyamaza. Mayu hakupenda tugombane."

Nilimwekea sehemu ya nyumbani kwenye flashi, nakala nzima, siyo kiungo. Aliomba nimchezeshee tena pale kwenye kitenge, kisha akaenda zake stendi kutafuta gari la Bukombe.