Tiki Nilizorudisha

Siku yangu ya kwanza kazini, Karani Mkuu wa ghala la kahawa kule Mbozi alinipa taipureta ambayo nusu ya herufi zake zilikwishakufa. "Umesoma shule ya jioni, sivyo?" aliniuliza. "Basi zilizobaki zinakutosha." Niliigonga mpaka kuku wa jirani wakaacha kutaga.

Biashara ilipofunguliwa na malori yakawa mengi kuliko watu, nilihamia Tunduma, kwenye ofisi ya wakala wa forodha, yaani watu wanaoandaa karatasi ili mzigo uvuke mpaka. Huko ndiko nilikokutana na kompyuta. Ilikuwa moja kwa watu sita. Ukiiwasha, ungeweza kwenda kijijini Itaka, ukazika, ukakaa matanga, ukarudi, bado inavuma tu.

Tukajiwekea utaratibu. Mimi ndiye mwenye ufunguo wa chumba chake; nafika wa kwanza, naiwasha, kisha wote tunakaa kunywa chai kwa mihogo mpaka iamke. Sikio la kuisikiliza nilikuwa nalo peke yangu. Nikisema "Bado," watu wanaongeza kikombe. Nikisema "Tayari," Meneja mwenyewe anafuta midomo. Waliniita Mwamshaji. Cheo hicho hakikuwemo kwenye barua ya ajira, lakini nisingekibadilisha hata kwa ukuu wa wilaya.

Ndipo akaja Tumaini, binti wa chuo, akiwa kwenye miezi ya majaribio.

"Shikamoo, mzee. Hii mashine haiumwi. Imebebeshwa."

Akaandika msconfig kwenye kisanduku fulani, ikafunguka orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe kila kompyuta inapowaka: ya muziki, ya kuchati, hata ya printa tuliyokwisha kuitupa. Mbele ya kila moja kulikuwa na tiki. Akaziondoa, akabakiza nne, mojawapo ile ya kuzuia virusi. Programu hazifutwi, alieleza. Zinabaki zimetulia mpaka uziite mwenyewe. Akaizima, akaiwasha.

Iliamka kabla sijatafuna muhogo wa kwanza.

"Mwamshaji, leo umeamshwa wewe!" alisema Meneja. Ofisi nzima ikacheka. Nami nilicheka, lakini kifuani palikuwa na kaa la moto.

Kesho yake, wenzangu walipokwenda kula mchana, niliifungua ile orodha nikarudisha tiki zote. Tumaini akiondoa, mimi narudisha. Tulikwenda hivyo wiki mbili, mpaka Meneja akamwambia, "Binti, hizo dawa zako ni za siku moja." Nilifurahi hata nikamwongezea huyo binti sukari kwenye chai.

Asubuhi moja akaingia dereva wa Kizambia aliyebeba samaki wa barafu. Maji yalikuwa yakichuruzika chini ya lori lake. "Bashikulu," aliniambia, ndivyo Wabemba wanavyomwita babu, "samaki wangu wameanza kuogelea!"

Kompyuta ikavuma, ikaganda. Tukaiwasha tena, ikaganda tena.

"Tumaini," alisema Meneja, "mzigo huu ukioza, majaribio yako yameishia hapa."

"Bosi, nilizitoa jana. Haki ya Mungu, nilizitoa!"

Wote wakanigeukia mimi, kama zamani, wanisikie nitasemaje. Neno "Bado" lilinifika kwenye ulimi. Vijana, lilikuwa tamu kuliko asali ya miombo! Nikalimeza.

"Nipishe, mwanangu."

Mashine ilipozinduka kidogo, niliandika msconfig bila kuuliza herufi hata moja. Nikaondoa tiki moja moja, zikabaki zilezile nne. Nikaiwasha upya, ikaruka kama swala.

"Mzee Simbeye," Meneja alisema polepole, "kumbe kuziondoa unajua?"

"Najua, bosi. Na kuzirudisha pia najua."

Akanyoosha mkono. Nikampa ufunguo wa chumba cha kompyuta, naye akampa Tumaini. Samaki walivuka. Jina la Mwamshaji halikusikika tena mpaka nilipostaafu. Tumaini hakunisema vibaya hata siku moja, jambo lililozidi kuniunguza.

Sasa nina kompyuta ya mtumba nyumbani. Juzi Tumaini alikuja kunisalimia. Siku hizi yeye ndiye Meneja. Aliisikia inavuma, akatabasamu.

"Mzee, hiyo ina tiki ngapi?"

Akanyoosha mkono kuelekea kibodi. Nikamwekea kikombe mkononi.

"Kunywa chai, Meneja. Bado."