Générose na Jitu Linalojiponya

Tangu afike kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kutoka Bukavu, Kongo, Générose alishona nguo za watu na kusema machache. Aliyemvuta kwenye meza ya mchezo ni Théophile, aliyewahi kufundisha hesabu huko huko Bukavu. Kila Jumamosi mchana, katika chumba cha kanisa, Théophile aliongoza mchezo wa dadu na hadithi. Wachezaji walikuwa na mashujaa wao kwenye karatasi. Yeye aliyachezesha majitu na kuamua sheria.

Siku moja walikutana na jitu ambalo vidonda vyake hujifunga kila zamu, nalo hurudishiwa alama kumi za uhai. Dawa yake moto: likiungua, zamu inayofuata halijiponyi. Shujaa wa Générose akalichoma. Mara mchawi aliyefuatana nalo akaligusa, na Théophile akaliongezea alama ishirini.

Rodrigue, seremala, akakataa. "Mwalimu, moto umefunga kupona. Sheria njo inasema vile."

Théophile akasoma daftari lake mara mbili, akaanza kumkubalia. Ndipo Générose akasema, na ilikuwa dhidi ya upande wake mwenyewe.

"Hapana, Papa Théo. Moto unakataza jitu kujiponya lenyewe. Haikuandikwa mwenzake hawezi kuliponya."

Rodrigue akamtazama. "Mama, we uko upande gani?"

"Wa ile iliyoandikwa. Lakini mchawi anaponya kwa kugusa. Tumutenge na jitu."

Wakaacha kubishana. Shujaa wa Rodrigue akamsukuma mchawi hadi ng'ambo ya mto, wa Générose akalichoma jitu tena, na zamu mbili baadaye likaanguka. Rodrigue alicheka hadi akafuta macho.

Théophile akafunga daftari. "Miaka yote hii mi sikuona hiyo. Jumamosi ijayo utaongoza weye."

Générose aliongoza kwa sauti ya kutetemeka, na wiki iliyofuata kutetemeka kukapungua. Mwaka huu, anapopata ruhusa ya kwenda Lilongwe kupeleka nguo, hupitia mtaa wa Biwi, ambako wakazi wawili wa Kimalawi na wakimbizi watatu humngoja na dadu zao. Hurudi kambini amekauka koo kwa kusimulia.

Mwezi uliopita alimshonea Théophile mfuko wa dadu kwa kitenge cha bluu, bitana ndani.

"Kwa nini hii?" mzee akauliza.

"Ulinisikiliza siku ile, Papa. Zamani hakuna aliyenisikiliza."

Théophile akaugeuza mfuko mikononi, akatafuta neno, akapata la Kichewa tu, la kushukuru. "Zikomo," akasema, akamvutia kiti.